Maji Yenu Yameandikwa. Je, Mmeyasoma?

Mada hii ilitolewa na mwelimishaji wetu wa afya mbele ya wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu. Tunaichapisha kama alivyoisema, pamoja na maswali mawili yaliyoulizwa mwishoni.



Nilipoingia hapa nimesikia "shikamoo" kubwa mpaka nikageuka nyuma kutazama ni mzee gani anakuja. Kumbe ni mimi! Haya, marahaba. Lakini leo niiteni dada inatosha. Si miaka mingi iliyopita nami nilikuwa nimekaa kwenye dawati kama hilo lako, nikisinzia wakati wa mada za afya. Kwa hiyo anayesinzia simlaumu, ila asikorome tu.

Leo sitaanza kwa kuwaambia mchemshe maji. Hilo mmeambiwa tangu chekechea, na nitalirudia mwishoni, hamnikwepi. Leo naanza na swali: maji uliyokunywa asubuhi hii, nani anajua habari zake?

Mmoja atasema, anajua mama, maana ndiye aliyeyachota. Mwingine atasema, anajua mwenyekiti wa kamati ya maji. Sawa. Lakini inawezekana kabisa kwamba kisima chenu kimeandikwa pia mahali pengine: jina lake, kijiji chake, aina ya pampu, kinatoa maji au hakitoi. Na maandishi hayo yako kwenye intaneti, yanasomwa bure na mtu wa Japani, wakati ninyi mnaokunywa hamjawahi kuyaona.

Nataka leo mjue kuyatafuta. Zaidi ya hapo, nataka mjue kuyasoma, kwa sababu mimi mwenyewe nilishawahi kuyasoma vibaya. Ngoja niwasimulie.

Kosa langu

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipelekwa kwenye kata moja ya vijijini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, cheti bado kinanukia. Kabla ya safari nikapakua orodha ya vituo vya maji, nikatafuta kata ile, nikaona kisima cha pampu ya mkono karibu na shule ya msingi. Mbele ya jina lake pameandikwa kwamba kinafanya kazi. Kwenye safu ya ubora wa maji pameandikwa neno moja la Kiingereza: "soft".

Nikafurahi. Kwenye mkutano wa wazazi nikasimama na karatasi yangu, nikasema kisima hiki kipo kwenye orodha na maji yake ni mazuri. Bibi mmoja akanyoosha mkono. Akauliza, "Mjukuu wangu, aliyesema mazuri ni nani, na alikuja lini?" Nikamjibu kwa kujiamini, "Bibi, hizi ni takwimu." Watu wakapiga makofi. Bibi akakaa.

Wiki tatu baadaye watoto wa pale wakaanza kuharisha. Afisa afya akachukua maji ya kisima kile akayapeleka maabara. Majibu yakarudi: yana vijidudu vinavyotokana na kinyesi. Upande wa juu wa mteremko kulikuwa na choo cha shimo, kimechimbwa muda mrefu baada ya kisima kuandikwa kwenye orodha.

Namshukuru Mungu hakuna aliyekufa. Lakini mtoto mmoja wa kike wa darasa la tatu alilazwa siku nne kituo cha afya akiwa na dripu mkononi. Nilikwenda kumwona. Mama yake hakunigombeza. Aliniambia tu, "Dada, sisi tulikuwa tumeshazoea kuchemsha. Uliposema maji mazuri, tukaacha."

Jamani, maneno yale sijayasahau mpaka leo.

Niliporudi nyumbani nikaichukua tena karatasi yangu. Safari hii nikasoma kila kitu, hata vile vijisafu nilivyoviruka mwanzo. Tarehe ya kuandikwa: mwaka 2013. Mwaka huo mimi nilikuwa darasa la sita! Na lile neno "soft" maana yake ni maji baridi, maji yasiyo na chumvi. Halisemi hata kidogo kama yana vijidudu au hayana. Bibi yule hakwenda chuo kikuu, lakini aliuliza swali ambalo mimi msomi nilipaswa kuliuliza kwanza.

Orodha yenyewe ikoje?

Kati ya mwaka 2011 na 2013 Wizara ya Maji ya Tanzania iliendesha kazi ya kuorodhesha vituo vya kuchotea maji vijijini. Watu walikwenda kisima kwa kisima na bomba kwa bomba, wakiwa na kifaa cha kupima mahali kilipo kituo, wakaandika walichokiona. Sehemu ya orodha hiyo ilitolewa baadaye kwa ajili ya shindano la kompyuta la kimataifa, ambalo washiriki wake hutabiri pampu gani itaharibika. Faili la mafunzo la shindano hilo lina mistari 59,400, na kila mstari ni kituo kimoja cha maji.

Sasa sikilizeni hesabu. Katika vituo hivyo 59,400, vilivyokuwa vinafanya kazi ni 32,259. Vilivyokuwa vinafanya kazi lakini vinahitaji matengenezo ni 4,317. Visivyofanya kazi kabisa ni 22,824. Yaani kwenye kila vituo 100, karibu 38 vilikuwa vimekufa siku ile alipopita mwandishi. Kuna mtu alivigharamia, kuna watu walicheza ngoma siku ya uzinduzi, na bado akina dada walikuwa wanapita pembeni yake na ndoo kichwani kwenda mtoni.

Tazameni na upande wa ubora. Vituo 50,818 vimeandikwa "soft". Vya maji ya chumvi ni 4,856, bila kuhesabu vingine 339 vya chumvi ambavyo viliachwa kutumika. Vyenye floraidi, ukijumlisha na vilivyoachwa, ni 217 tu. Katika orodha nzima hakuna safu hata moja ya vijidudu. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba zaidi ya vituo 50,000 vina maji salama kwa sababu vimeandikwa "soft", mwambie pole pole: kaka, hapo umesoma ladha, hujasoma usalama.

Je, orodha hiyo haina maana? Hapana! Ina maana kubwa. Ila kila takwimu ni ushahidi wa mtu aliyesimama mahali fulani, siku fulani, akaangalia kitu fulani. Ukijua alichoangalia, takwimu itakusaidia. Usipojua, itakudanganya, nawe utawadanganya wengine kama nilivyofanya mimi.

Maswali manne ya bibi

Swali la bibi nimeliongezea mengine, yakawa manne. Yaandikeni nyuma ya daftari.

La kwanza: Nani ameandika? Ni wizara, ni mamlaka ya maji, ni shirika, au ni fundi aliyejenga kisima mwenyewe? Mpishi akisifia chakula chake mwenyewe, tunaonja kwanza.

La pili: Lini? Pampu hufa ndani ya siku moja. Maji yanaweza kuwa safi Januari na machafu Aprili, mvua zikishateremsha uchafu. Takwimu isiyo na tarehe iache. Yenye tarehe ya miaka 10 iliyopita isome kama historia ya kituo, usiifanye habari ya leo asubuhi.

La tatu: Amepima nini, na kwa kipimo gani? Kuonja ni kitu kimoja, maabara ni kitu kingine. Kwa vijidudu, maabara hutafuta bakteria anayeitwa E. koli, ambaye ni dalili kwamba kinyesi kimefika kwenye maji. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka asionekane hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa. Kwa floraidi, WHO inasema isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Ukiona tarakimu haina kipimo, kwa mfano "3" peke yake, uliza: 3 ya nini?

La nne: Kitu gani hakikuandikwa? Hili ndilo gumu. Katika faili lile nililowaambia, vituo 20,709 vimeandikwa kwamba vilijengwa mwaka 0. Mnacheka? Mwaka 0 hakuna aliyekuwa anafunga pampu Tanzania! Ile sifuri maana yake ni kwamba mwaka haujulikani. Tena vituo 1,812 vya mikoa ya Mwanza na Shinyanga vimeandikwa longitudo 0 na latitudo ambayo ni kama 0. Ninyi wa jografia, pale ni wapi? Ni katikati ya bahari, kwenye Ghuba ya Guinea, Afrika Magharibi! Ukichora ramani bila kufikiri, utawaona Wasukuma wanachota maji Bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo mkiona sifuri, msiiamini haraka. Sifuri nyingine ni "hakuna", nyingine ni "hatukujua".

Unazipata wapi?

Najua simu haziruhusiwi shuleni, na sikuja kuwaletea ugomvi na mwalimu wa nidhamu. Tumieni maabara ya kompyuta mkiwa na mwalimu, au simu ya mzazi wakati wa likizo.

Kwa vituo vya vijijini, andikeni kwenye sehemu ya kutafutia maneno haya: Water Point Data Exchange. Ni hazina inayokusanya taarifa za vituo vya maji za nchi nyingi, zilizoletwa na serikali na mashirika mbalimbali, ikaziweka katika mpangilio mmoja. Mtaona kituo kipo wapi, nani alileta taarifa, tarehe ya taarifa, na kama maji yalikuwa yanatoka. Mnaweza kupakua faili na kulifungua kwenye programu kama Excel. Likifunguka msishtuke kwa wingi wa mistari. Tumieni kitufe cha kuchuja, chagueni mkoa, halafu wilaya, halafu kata. Maelfu yatapungua mpaka makumi. Jaribuni na tahajia tofauti, maana kijiji kimoja kinaweza kuandikwa kwa namna tatu.

Kwa ninyi mnaotumia maji ya mamlaka mjini, tafuteni ripoti za kila mwaka za EWURA kuhusu mamlaka za maji. Humo mnaweza kuona mamlaka yenu inatoa maji kwa saa ngapi, kiasi gani kinapotea njiani, na vipimo vya ubora vilikwendaje. Ripoti hizo zimeandikwa kwa Kiingereza, basi hapo ndipo somo la Kiingereza litakapolipa.

Kwa picha ya nchi nzima, kuna takwimu za mpango wa pamoja wa WHO na UNICEF unaofuatilia maji na usafi wa mazingira. Hizo zinafaa kwenye mdahalo na insha. Lakini hazitakuambia habari za bomba la shuleni kwenu. Wastani wa nchi hauwezi kunywewa.

Toka kwenye karatasi, nenda bombani

Mkishapata orodha ya kata yenu, kazi haijaisha. Undeni kikundi cha watu watano au sita, klabu ya afya ikiwepo ndiyo nzuri zaidi. Chapisheni orodha au inakilini kwa mkono. Jumamosi tembeleeni vituo vyenyewe, mkiwa mmeomba ruhusa kwa mwenyekiti wa kijiji. Mbele ya kila kituo andikeni mlichokiona, na tarehe yenu.

Pimeni pia mambo mawili ambayo hayahitaji maabara.

Moja ni muda. Hesabuni dakika za kwenda, kupanga foleni na kurudi. Katika mpango ule wa WHO na UNICEF, maji kutoka chanzo kilichoboreshwa yanahesabiwa kuwa huduma ya msingi ikiwa safari nzima, pamoja na foleni, haizidi dakika 30. Wasichana mliopo hapa, ninyi mnajua dakika hizo zinatoka kwenye masomo ya nani.

La pili ni kasi ya maji. Chukueni ndoo ya lita 20 na saa. Tuseme ndoo inajaa kwa dakika 4. Basi kwa saa moja zinajaa ndoo 15. Kama kaya 60 zinategemea kituo hicho na kila moja inahitaji ndoo 3 kwa siku, hizo ni ndoo 180. Gawanyeni kwa 15: saa 12! Toka saa 12 asubuhi mpaka saa 12 jioni pampu haipumziki, na wa mwisho anarudi giza linaingia. Kwenye orodha kituo hicho kitaandikwa kinafanya kazi, na ni kweli kinafanya kazi. Lakini hesabu yenu imesema jambo ambalo orodha haikulisema.

Angalieni na mazingira: choo kiko umbali gani na kiko upande wa juu au wa chini? Maji yaliyomwagika yanatuama? Ng'ombe wananywea hapo hapo?

Halafu mpeleke wapi?

Andikeni barua fupi yenye mambo matatu: orodha ilisema nini na lini, ninyi mmeona nini na lini, na mnaomba nini. Ipitisheni kwa mwalimu, kisha iende kwa chombo cha jamii kinachosimamia maji kijijini, nakala kwa ofisi ya kijiji na kwa ofisi ya RUWASA ya wilaya. RUWASA ni wakala wa serikali unaoshughulikia maji vijijini, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019. Kama mna wasiwasi na ubora, mwombeni afisa afya maji yapimwe, na ombeni kuonyeshwa majibu.

Ila nawaonya. Msitangaze kwamba kisima kina sumu kabla hakijapimwa. Watu wakikiogopa kisima bila sababu watakwenda kuchota kwenye dimbwi, na hapo mtakuwa mmewaumiza. Semeni mlichokiona, na semeni mahali mnapoishia kujua. Hata mimi ningesema hivyo siku ile, ningesema tu, "Kisima hiki mwaka 2013 kilikuwa kinatoa maji yasiyo na chumvi, vijidudu havikupimwa, endeleeni kuchemsha," yule mtoto pengine asingelazwa.

Na sasa lile nililoahidi. Mpaka mtakapoona majibu ya maabara ya karibuni, chemsheni maji mpaka yatokote kabisa, yaacheni yapoe yakiwa yamefunikwa, na myaweke kwenye chombo safi chenye mfuniko. Kuni zikiwa shida, tumieni dawa ya kutibu maji ya dukani kwa kufuata maelezo ya pakiti. Usichovye mkono wala kikombe kichafu mtungini.

Maswali ya wanafunzi

Swali: Dada, kama maji yana floraidi, tukichemsha itatoka?

Jibu: Haitoki. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi ni madini. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi hubaki kwenye maji machache zaidi. Ikizidi, meno ya watoto wanaokua hupata madoa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi huumiza mifupa. Ndiyo maana kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimekuwa kikitumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuiondoa. Floraidi hujulikani kwa kuonja wala kwa kuangalia, inabidi ipimwe. Kwa hiyo ile 217 kwenye orodha msiichukue kama idadi kamili.

Swali: Sisi ni wanafunzi tu. Nani atasoma barua yetu?

Jibu: Swali zuri sana. Barua inayosema "maji yetu mabaya" inaweza kuwekwa pembeni. Barua inayosema "kituo fulani kiliandikwa kizima mwaka 2013, sisi tumekitembelea Jumamosi tarehe fulani tukakuta mnyororo umekatika, kaya 60 zinakitegemea" ni ngumu kuiweka pembeni. Na wakiiweka, andikeni ya pili, mtaje tarehe ya ile ya kwanza. Mkumbuke pia kwamba kwenye mkutano ule wenye wasomi na karatasi zao, aliyeuliza swali la maana alikuwa bibi mmoja aliyekaa nyuma. Hamhitaji cheo kuuliza "nani, na lini?"

Kengele ya mapumziko imelia, nendeni mkanywe maji. Lakini kabla hujanywa, jiulize habari zake.